Kusoma Sanamu za Mji: Somo la Kutembea kutoka Liwatoni hadi Mji wa Kale

Wakazi wengi wa Mombasa huijua Liwatoni kwa mambo mawili: samaki wanaoshushwa pwani yake, na daraja la kuelea la waenda kwa miguu lililozinduliwa mwanzoni mwa mwaka 2021 kuunganisha Liwatoni na Ras Bofu, upande wa Likoni, ili kupunguza msongamano kwenye kivuko cha feri. Ni wachache wanaoijua kama mahali pazuri pa kuanzia somo la historia. Hata hivyo, kutoka hapa mkazi anaweza kutembea kwa nusu siku, akavuka kisiwa mpaka Mji wa Kale, na njiani akakutana na minara, sanamu na michongo iliyosimamishwa kwa zaidi ya miaka mia tatu na watu tofauti kabisa.

Vitu hivi viko wazi kwa macho ya kila mtu. Kuviona kutoka nje hakuhitaji tiketi wala kiongozi. Ajabu ni kwamba vinapitwa kila siku na maelfu ya watu wasiojua ni vya nani. Dereva wa tuktuk humwambia abiria kwamba watapitia Mapembeni, lakini ukimuuliza pembe zile ziliwekwa kwa sababu gani, jibu huwa ni kimya. Mwanafunzi hupumzika chini ya sanamu ya askari bila kujua kwamba huenda babu wa babu yake ni mmoja wa wale wanaokumbukwa pale.

Somo hili limeandaliwa kwa ajili ya familia, walimu, vijana wa vikundi vya utalii na mkazi yeyote anayetaka kuujua mji wake. Linaweza kufuatwa kwa siku moja au kugawanywa katika siku mbili.

Maswali matatu ya kubeba njiani

Sanamu au mnara wa mahali pa umma husomwa kama barua. Kila barua ina aliyeiandika, aliyeandikiwa, na mambo yaliyoachwa nje. Kwa hiyo kila kituo cha matembezi haya kina maswali matatu:

1. Nani aliweka kitu hiki, na kwa fedha au amri ya nani?
2. Kiliwekwa kwa ajili ya nani? Nani alitarajiwa kukitazama?
3. Nani alihusika lakini hakutajwa?

Swali la tatu ndilo gumu zaidi, na katika mji huu ndilo lenye uzito kuliko yote.

Kituo cha kwanza: Mnara wa Mbaraki

Si mbali na Liwatoni, ukielekea upande wa Mbaraki juu ya maji ya Kilindini, upo mnara wa mawe ya matumbawe na chokaa, mweupe na mrefu, umesimama kando ya msikiti. Ndani yake ni mtupu. Umri wake unapita miaka 300, na hivyo ni miongoni mwa majengo ya kale zaidi yanayosimama kisiwani.

Masimulizi ya wenyeji huuhusisha na kaburi la mkuu wa Wachangamwe. Wachangamwe, pamoja na Wakilindini na Watangana, ndio waliounda Thalatha Taifa, yaani mataifa matatu, ambao pamoja na Tisa Taifa ndio wenye mji wa Mombasa kwa asili. Kujenga nguzo juu ya kaburi la mtu mkubwa si jambo la Mbaraki peke yake. Makaburi ya nguzo yako Malindi, Gede na kwingineko kwenye pwani yote ya Waswahili, na baadhi yake yalipambwa kwa bakuli za kauri zilizotoka nchi za mbali. Huu ulikuwa mtindo wa pwani wa kumkumbuka mtu: si kuchonga sura yake, bali kusimamisha nguzo itakayoonekana kutoka mbali, hata na mabaharia.

Kwa miaka mingi watu wamekuwa wakifika Mbaraki na marashi na ubani, wakiamini kwamba mahali hapo pana mizimu. Wapo wanaolikubali jambo hilo na wapo wanaolikataa kwa misingi ya dini. Somo hili halitoi uamuzi. Linalofaa kuzingatiwa ni hili: mnara huu haukuwa na ofisi ya kuutunza kwa sehemu kubwa ya maisha yake. Ulidumu kwa sababu walikuwapo watu waliokuwa na haja nao, wakaukaribia, wakaujua na kuwaonyesha watoto wao. Leo ni miongoni mwa turathi zinazolindwa kisheria, lakini ulinzi wake wa kwanza ulikuwa miguu ya wakazi.

Kituo cha pili: Mapembeni

Kutoka Mbaraki msafiri hupanda mpaka Barabara ya Moi, ambayo wazee bado huiita Kilindini Road. Hapo zipo pembe nne kubwa za ndovu, jozi moja kila upande wa barabara, zikikutana juu ya magari. Hakuna picha ya Mombasa inayojulikana duniani kuliko hii. Watu wengi huona pembe hizo zikiunda herufi M, wakasema ni M ya Mombasa.

Pembe za kwanza zilisimamishwa mwaka 1952 kwa ajili ya ziara ya Binti Mfalme Elizabeth wa Uingereza. Zilitengenezwa kwa mbao na turubai, kama mapambo ya harusi yanayotarajiwa kuondolewa baada ya siku chache. Elizabeth na mumewe walikuwa wamepangiwa kushuka Mombasa na kupanda meli ya Gothic, iliyokuwa ikiwangoja bandarini kuwapeleka Ceylon, Australia na New Zealand. Lakini tarehe 6 Februari 1952, akiwa bado upande wa Nyeri, baba yake Mfalme George VI alifariki Sandringham. Elizabeth akawa malkia akiwa katika ardhi ya Kenya, akasafirishwa kwa ndege kutoka Nanyuki kupitia Entebbe kurudi kwao. Katika safari hiyo hakufika Mombasa. Mji uliokuwa umejipamba ulibaki na mapambo bila mgeni.

Mwaka 1956 mgeni mwingine alikuja, dada yake, Binti Mfalme Margaret. Kwa ziara hiyo pembe zilijengwa upya kwa mabati ya alumini ili zidumu, na kwa sababu barabara sasa ina njia mbili, leo zipo jozi mbili.

Hapa majibu ya maswali matatu yanavutia. Aliyeziweka ni utawala wa kikoloni. Aliyewekewa ni mgeni wa kifalme. Ambaye hakutajwa ni mkazi, na pia ndovu mwenyewe. Kwa karne nyingi pembe za ndovu zilitoka bara zikibebwa mabegani mwa watu na kupakiwa majahazini katika pwani hii, Mombasa ikiwemo. Waliozibeba hawana kumbukumbu yoyote pale Mapembeni.

Lakini maana ya kitu inaweza kubadilika bila kitu chenyewe kusogezwa. Uhuru ulipokuja mwaka 1963, pembe hazikuvunjwa. Wakazi walishazifanya zao. Zikawa mahali pa kukutania, pa kupigia picha, pa kuelekezea njia. Na Kenya ilipochoma tani 12 za pembe za ndovu mwaka 1989, kisha tani 105 mwaka 2016 katika Mbuga ya Kitaifa ya Nairobi, kuitangazia dunia kwamba biashara hiyo ikome, pembe za alumini za Mombasa zilianza kusomeka kwa namna nyingine: ndizo pembe pekee ambazo mtu anaweza kujivunia bila ndovu kuuawa.

Kando ya pembe ipo Bustani ya Uhuru. Ni mahali pazuri pa kupumzika kabla ya kuendelea, na pa kuwauliza watoto: kama pembe hizi zingejengwa leo, zingejengwa kwa heshima ya nani?

Kituo cha tatu: Askari wasio na majina

Msafiri huendelea kufuata Barabara ya Moi mpaka Digo Road, iliyokuwa ikiitwa Salim Road, kisha hufika Barabara ya Jomo Kenyatta. Hapo lipo kundi la sanamu za shaba nyeusi za wanaume waliosimama. Kazi ya kwanza ya mwanafunzi ni kuwahesabu, kisha kumtazama kila mmoja kwa zamu: amevaa nini, ameshika nini, ana viatu au hana?

Sanamu hizi ni kumbukumbu ya Vita Vikuu vya Kwanza vya Dunia, vya 1914 hadi 1918. Zilichongwa na Mwingereza James Alexander Stevenson kwa agizo la Tume ya Makaburi ya Vita ya Dola ya Uingereza, na zikazinduliwa mwishoni mwa miaka ya 1920. Stevenson alitengeneza kumbukumbu tatu za namna hii: ya Mombasa, ya Nairobi na ya Dar es Salaam. Ile ya Dar es Salaam, inayojulikana kwa jina la Askari Monument, iliwekwa mahali palipokuwa na sanamu ya gavana Mjerumani, Hermann von Wissmann.

Vita hivyo vilipiganwa baina ya madola ya Ulaya, lakini katika Afrika Mashariki uzito wake uliwaangukia Waafrika. Walikuwapo askari wa Keya, walikuwapo Waarabu wa pwani, na zaidi ya wote walikuwapo wapagazi. Hapakuwa na barabara za kutosha, na wanyama wa kubeba mizigo walikufa kwa mbung'o. Kwa hiyo chakula, risasi na hata mizinga iliyofunguliwa vipande vipande vilibebwa na binadamu. Wapagazi walikuwa laki kadhaa. Wengi walichukuliwa kwa nguvu kutoka vijijini mwao. Waliokufa ni makumi ya maelfu, na walioangamizwa na maradhi, njaa na uchovu walikuwa wengi kuliko waliouawa na risasi. Majina ya mitaa ya Kariakoo ya Dar es Salaam na Kariokor ya Nairobi yametokana na kikosi hicho cha wapagazi, kwa Kiingereza Carrier Corps.

Maneno ya kumbukumbu hizi yalitungwa na mwandishi Mwingereza Rudyard Kipling. Yanawataja wapagazi kuwa ndio waliokuwa miguu na mikono ya jeshi. Yanawaahidi waliopigana kwamba hata wakifa, wana wao watayakumbuka majina yao.

Sasa mwanafunzi atafute majina. Azunguke sanamu nzima, asome kila upande. Hatapata jina la mpagazi hata mmoja wala la askari wa kawaida. Kumbukumbu inaahidi kwamba majina yatakumbukwa, lakini yenyewe haikuyaandika.

Jambo hili halikutokea kwa kusahau. Wanajeshi wa Ulaya waliokufa katika vita hivyo hivyo waliandikiwa majina yao mmoja mmoja, kaburini au ukutani. Kwa Waafrika wengi iliamuliwa kwamba kumbukumbu ya jumla inatosha. Mwezi Aprili mwaka 2021 tume hiyo hiyo, ambayo sasa ni ya Jumuiya ya Madola, ilichapisha ripoti iliyokiri ubaguzi huo na kuomba radhi. Ripoti ilieleza kwamba watu wasiopungua 116,000, na huenda wakafikia 350,000, hawakukumbukwa kwa majina au hawakukumbukwa kabisa, wengi wao wakiwa wa Afrika Mashariki na Misri.

Tume ilichukua zaidi ya miaka mia moja kusema hivyo. Katika muda huo, kitu pekee kilichoyahifadhi majina ni familia. Nyumba nyingi za pwani na bara zina hadithi ya babu aliyekwenda vitani na hakurudi, au aliyerudi akiwa hazungumzi. Mzee anayeikumbuka hadithi hiyo leo aliisikia kwa mtu aliyeisikia kwa wahusika. Akiondoka bila kuandikwa, ndipo ahadi ya kwenye sanamu itakapovunjika kabisa.

Kituo cha nne: Bustani ya Hazina na sanamu iliyoondoka

Kupitia Nkrumah Road msafiri hufika Treasury Square, uwanja wenye bustani mbele ya majengo ya zamani ya hazina. Katika kituo hiki somo kubwa linahusu sanamu isiyokuwapo.

Zamani ilisimama hapa sanamu ya Sir William Mackinnon, mfanyabiashara wa meli kutoka Uskoti aliyeanzisha Kampuni ya Kifalme ya Uingereza ya Afrika Mashariki. Kampuni hiyo ilipewa hati ya kifalme mwaka 1888 na kuutawala ukanda huu mpaka mwaka 1895, fedha zilipoiishia na serikali ya Uingereza ikachukua nafasi yake. Baada ya uhuru sanamu ya Mackinnon iliondolewa, ikapelekwa kwao Uskoti na kuwekwa katika shule ya Keil mjini Dumbarton. Haikuvunjwa na umati. Mji ulimrudisha kwa wenyewe.

Bustani hii pia iliwekwa sanamu ya Allidina Visram, mfanyabiashara aliyezaliwa Kutch nchini India na kufariki mwaka 1916, baada ya kufungua maduka mengi kando ya reli kutoka Mombasa hadi Uganda. Jina lake lingali kwenye shule ya upili ya Allidina Visram, inayotumiwa na watoto wa mji huu kila siku. Hapa mwanafunzi anaweza kulinganisha: majina mawili ya wafanyabiashara wawili. Moja limeondoka mjini na moja limebaki. Jina lililobaki ndilo lililofungamana na kitu ambacho wakazi wanakitumia.

Miji mingine ya Kenya imepitia mabadiliko kama haya. Nairobi iliondoa sanamu ya Lord Delamere. Mwaka 2007 ilisimamisha sanamu ya Dedan Kimathi kwenye barabara yenye jina lake, iliyofanywa na msanii Mkenya, Kevin Oduor. Mwaka 2015 watu wasiojulikana waliangusha na kukata kichwa sanamu ya Malkia Victoria katika bustani ya Jeevanjee. Namna hizi mbili za kuondoa hazifanani. Kitu kinapoondolewa kwa uamuzi na kuhifadhiwa mahali pengine, historia yake inaendelea kusomeka. Kinapovunjwa usiku, kizazi kijacho hakipati hata cha kukijadili.

Kituo cha tano: Jiwe la majivuno mlangoni mwa Fort Jesus

Kutoka bustanini ni hatua chache mpaka Fort Jesus, ngome iliyojengwa na Wareno kuanzia mwaka 1593 kwa ramani ya Mtaliano Giovanni Battista Cairati, na kuingizwa katika orodha ya Turathi za Dunia ya UNESCO mwaka 2011. Wageni wengi hukimbilia ndani. Somo hili linataka msafiri asimame kwanza mlangoni na atazame juu.

Juu ya lango lipo jiwe lililochongwa maandishi ya Kireno ya mwaka 1639. Linamtaja kapteni Francisco de Seixas de Cabreira. Linasema alipewa ukuu wa ngome akiwa na umri wa miaka 27, kisha linaorodhesha miji ya pwani aliyoitiisha, wafalme aliowatoza kodi na adhabu alizotoa, zikiwemo za Pate na Siyu.

Jiwe halielezi kwa kirefu ni kwa nini ilimlazimu kufanya hayo yote. Miaka michache kabla, mwezi Agosti 1631, Sultani Yusuf bin Hassan wa Mombasa, aliyelelewa na Wareno huko Goa na kupewa jina la Dom Jerónimo Chingulia, aliasi, akaingia ngomeni na kumuua kapteni Mreno. Alijaribiwa kuzingirwa, akastahimili, kisha mwaka 1632 akaondoka na Wareno wakarudi. Jiwe la 1639 ni jibu la mtu aliyekuwa na hofu. Aliyeshinda ndiye aliyechonga, na jina la Yusuf halimo.

Mwanafunzi alinganishe sasa jiwe hili na sanamu za Barabara ya Jomo Kenyatta. Kapteni mmoja amepata jina, umri na sifa zake zote kwa miaka karibu 400. Wapagazi makumi ya maelfu hawakupata hata herufi moja.

Kituo cha sita: Milango ya Mji wa Kale

Matembezi huishia katika vichochoro vya Mji wa Kale. Hapa hakuna sanamu za watu, na sababu yake inajulikana: Uislamu hauhimizi kuchonga sura ya binadamu. Lakini haimaanishi kwamba mji haukuwa na wachongaji. Ustadi wao uliingia mlangoni. Mafundi walichonga fremu na mfaa, ule mti wa katikati unaozuia mabawa mawili ya mlango, wakaweka maua, majani, minyororo na wakati mwingine aya za Kurani juu ya kizingiti. Mlango ulikuwa kazi ya sanaa inayotazama barabarani: mwenye nyumba alilipa, lakini mpita njia yeyote aliifaidi.

Bara kidogo, jirani zetu Wamijikenda wana vigango, nguzo za mbao zilizochongwa kwa heshima ya wanachama waliofariki wa chama cha Gohu. Kigango kina mtu wake na mahali pake, na kwa desturi hakihamishwi. Hata hivyo, kuanzia miongo ya mwisho ya karne iliyopita vigango vingi viliibwa na kuuzwa kwa wakusanyaji wa sanaa ng'ambo. Mwaka 2007 viwili vilivyokuwa vimehifadhiwa na vyuo vikuu nchini Marekani vilirudishwa kwa familia yenye navyo. Mwaka 2019 vingine 30 vikarejeshwa Kenya kutoka makavazi ya Denver. Viwili vya kwanza viliweza kurudi kwao kwa sababu kulikuwa na picha iliyopigwa kabla ya wizi, na kulikuwa na familia iliyomjua mtu wake kwa jina. Kigango ambacho hakuna anayejua ni cha nani hakina pa kurudishwa.

Sheria inasema nini

Katiba ya Kenya ya 2010, katika kifungu cha 11, inautambua utamaduni kuwa msingi wa taifa. Jedwali la Nne linagawa kazi: minara ya kale na ya kihistoria yenye umuhimu wa kitaifa iko chini ya serikali ya kitaifa, nazo shughuli za utamaduni, makavazi ya kaunti, maktaba, bustani na fuo ni kazi ya kaunti. Sheria ya Makavazi na Turathi za Kitaifa ya mwaka 2006 inafanya kuharibu turathi iliyolindwa kuwa kosa. Kubandika mabango kwenye sanamu, kuchora kuta za kale, au kung'oa kibao cha shaba na kukiuza kama chuma chakavu si utundu tu, ni makosa.

Sheria pia inampa mkazi nafasi ya kusema. Ushirikishwaji wa umma ni takwa la Katiba na la Sheria ya Serikali za Kaunti ya 2012. Bajeti ya bustani, jina jipya la barabara au pendekezo la kusimamisha sanamu mpya linapoletwa kwenye kikao, maswali yale matatu ya somo hili ndiyo ya kuuliza kikaoni: nani anaiweka, kwa ajili ya nani, na nani ameachwa?

Kazi ya kufanya nyumbani na shuleni

Mambo manne yanaweza kufanywa mwezi huu bila gharama:

• Muulize mzee wa familia kama yupo aliyekwenda vitani au kubeba mizigo ya jeshi. Andika jina lake, la baba yake, kijiji, na alivyosimuliwa. Nakala moja ibaki nyumbani, nyingine ipelekwe shuleni au maktabani.

• Piga picha za sanamu, mnara au mlango wa kale ulio karibu nawe, na uandike tarehe. Picha yenye tarehe ni ushahidi iwapo kitu kitaharibiwa au kuibwa.

• Ukiona turathi imebomoka, imebandikwa mabango au kipande kimeng'olewa, toa taarifa kwa ofisi ya wadi yako, na kwa vitu vya kale, kwa Makavazi ya Kitaifa pale Fort Jesus.

• Walimu wa historia na Kiswahili wawapeleke wanafunzi katika angalau kituo kimoja, kisha wawape insha ya ukurasa mmoja.

Maswali ya kujadili

1. Mnara wa Mbaraki umedumu zaidi ya miaka 300 na sanamu ya Mackinnon haikudumu hata mia. Kipi kilichosababisha tofauti hiyo?

2. Je, ni sawa kwa mji huru kuzitunza pembe zilizojengwa kwa heshima ya wafalme wa kigeni? Toa sababu za pande zote mbili.

3. Kama majina ya wapagazi kutoka pwani yangepatikana, yaandikwe wapi: kwenye sanamu yenyewe, kwenye ukuta mpya kando yake, au kitabuni?

4. Katika familia yako, ni jina gani linalostahili kuandikwa kabla hajaondoka wa mwisho anayelijua?